Zizi la Farasi Lipimwe kwa Rundo Lake la Samadi

Farasi wa kilo 450 hutoa kilo 23 hivi za mavi na mkojo kila siku. Kwa mwaka mmoja hizo ni zaidi ya tani nane. Zizi lenye farasi 20, ambalo kwa wafugaji wa mnyama huyu si zizi kubwa, lina tani 168 za kuondoa kila mwaka, kabla hata ya kuhesabu maranda na majani makavu yanayotandikwa mabandani. Mzigo huo lazima uende mahali. Ama unakwenda shambani ukiwa chakula cha udongo, ama unakwenda mtoni ukiwa sumu.

Wageni hawaulizi habari zake. Anayefika Ngong Racecourse siku ya mbio hutazama miguu ya farasi, mng'ao wa manyoya yake na jina la joki. Mzazi anayempeleka mtoto kujifunza kupanda farasi Karen au Langata huuliza bei, usalama na tabia ya mnyama. Wanaoujua ukweli ni masaisi, wale wanaoingia mabandani na uma na toroli kabla jua halijachomoza, kwa sababu wao ndio wanaousukuma mzigo huo hadi nyuma ya uzio.

Siku hizi wenye mazizi wengi duniani wanapenda kusema kwamba wanafuga kwa kuyajali mazingira. Wanaonyesha paneli za sola, taa zisizokula umeme mwingi, miti iliyopandwa kando ya uwanja wa mazoezi. Yote hayo ni mema. Lakini mkaguzi makini angeyaacha kwanza, akazunguka nyuma ya banda na kutazama rundo la samadi limekaa wapi, limefunikwa au limeachwa wazi, maji ya mvua yanayolipitia yanaelekea upande gani, na linaishia kwa nani. Majibu ya maswali hayo ndiyo kipimo cha zizi. Kaunti, vyama vya mbio na wateja wanaolipa ada wana kila sababu ya kuanza kukitumia.

Jiografia ya Nairobi inalifanya jambo hili kuwa zito kuliko linavyoonekana. Mto Mbagathi unapita kusini mwa jiji, ukipakana na Karen na Langata upande mmoja na Ongata Rongai upande wa pili, kisha unaingia mto Athi. Athi ukishuka bondeni hubadilika jina ukawa Galana, halafu Sabaki, na mwisho wake ni Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo ya Malindi. Watu wa pwani wanayajua maji yale mekundu ya Sabaki yanayoingia baharini msimu wa mvua yakiwa na udongo wa bara. Kinachooshwa kutoka ua wa zizi kwenye miteremko ya Ngong inayoelekea Nairobi hakina njia nyingine ya kutokea.

Haki isemwe: farasi si mchafuzi mkuu wa mito hiyo. Majitaka ya majumbani na ya viwandani yanamzidi mbali sana. Lakini udogo wa kosa haumpi mtu ruhusa ya kuendelea nalo, hasa anapokuwa na uwezo wa kuliacha. Mfuga farasi wa jijini kwa kawaida ni mtu mwenye nafasi. Mnyama huyo hagharimiwi na anayehangaikia mlo wa jioni. Kama mwenye ng'ombe wawili wa maziwa kule Kiambu anaweza kuigeuza samadi yake ikawa mbolea ya migomba, mwenye farasi ishirini hana cha kujitetea.

Kinachotokea mvua inapolipiga rundo lililo wazi kinaeleweka vizuri. Maji hubeba nitrojeni na fosforasi hadi kijitoni au kwenye kisima cha karibu. Virutubisho hivyo vikifika kwenye maji yaliyotulia hulisha mwani. Mwani hutanda juu, kisha hufa na kuoza, na kuoza kwake humaliza oksijeni ambayo samaki wangeivuta. Marekani ilijifunza somo hilo kwa uchungu katika Ghuba ya Chesapeake, ambayo hupokea maji ya majimbo sita pamoja na mji mkuu wa Washington. Mwaka 1997 samaki walionekana na vidonda katika mito ya jimbo la Maryland, watu wakalalamika kuugua, na lawama zikaelekezwa kwenye viumbe wadogo wa majini waliohusishwa na wingi wa virutubisho kutoka mashambani. Mwaka uliofuata jimbo hilo lilipitisha sheria inayomtaka mkulima na mfugaji kuwa na mpango ulioandikwa wa namna anavyozitumia mbolea na samadi zake. Sheria haikumsamehe mfuga farasi. Shamba lenye mifugo ya uzito wa jumla wa pauni 8,000, yaani kilo 3,600 hivi, linahusika, na farasi wanane wa kawaida hufikia uzito huo.

Wanane tu. Nairobi na viunga vyake, mazizi yenye idadi hiyo au zaidi yangeweza kutembelewa na afisa mmoja na orodha yake ndani ya muda mfupi.

Habari njema ni kwamba mavi ya farasi ni kati ya malighafi bora za kutengenezea mboji. Farasi hacheui kama ng'ombe. Chakula chake humpitia upesi na kutoka kikiwa bado na nyuzinyuzi nyingi, na hewa hupenya ndani ya rundo lake kwa urahisi. Bakteria wakipata hewa, unyevu na chakula, joto la katikati ya rundo hupanda lenyewe hadi nyuzi 55 na hata 65 za Selsiasi. Joto hilo likidumu siku kadhaa, na rundo likageuzwa ili sehemu za nje nazo zifike ndani, mayai ya minyoo, mabuu ya nzi na mbegu nyingi za magugu hufa. Rundo husinyaa hadi nusu ya ukubwa wake wa mwanzo. Baada ya miezi mitatu au minne kinachobaki ni kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo wa msituni.

Vifaa vyake si vya ajabu. Sakafu ya zege au ya udongo ulioshindiliwa, mbali na kijito na kisima, yenye mwinamo unaorudisha maji ndani badala ya kuyatoa nje. Vyumba vitatu vya mbao au matofali vilivyo wazi upande mmoja: kimoja kinajazwa, cha pili kinapika, cha tatu kinapoa. Paa la mabati juu, au turubai imara. Kipimajoto chenye mkono mrefu kinasaidia, ingawa saisi aliyezoea kazi huchomeka fimbo ya chuma katikati ya rundo, akaiacha kidogo, kisha akaichomoa na kuigusa. Unyevu nao anaupima kwa kufumbata konzi moja: kiganja kilowe, lakini maji yasidondoke.

Pale mambo yanapoharibika, mara nyingi chanzo ni malalo ya farasi. Maranda yana kaboni nyingi mno na nitrojeni haba. Saisi akiambiwa aondoe kila kitu asubuhi, mavi pamoja na maranda safi yaliyoyazunguka, rundo hujaa mbao, halipati joto, na likipelekwa shambani kabla halijaiva bakteria wake huanza kuipokonya mimea nitrojeni ya udongo. Mahindi hugeuka manjano, mkulima husema samadi ya farasi ni mbaya, na hairudii tena. Kumbe ubaya haukuwa wa farasi. Saisi stadi huokota mavi kwa uma, hutoa sehemu zilizolowa mkojo, na yaliyo safi huyaacha yatumike tena. Kwa ustadi huo mwenye zizi hupunguza gharama ya maranda, hupunguza ukubwa wa rundo, na hupunguza amonia inayochoma mapafu ya farasi na ya watu. Kazi ya namna hiyo inastahili mafunzo na mshahara unaolingana nayo, maana mipango yote ya mazingira ya zizi hupita mikononi mwa mtu huyu mmoja.

Palipo na kilimo cha mpunga, pumba zake zinaweza kuchukua nafasi ya maranda, na mahali pengine majani makavu yanatosha. La kuepukwa ni unga wa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Dawa hiyo haitoki kwa joto la mboji.

Ipo hatari nyingine iliyojificha, na wafugaji wengi hawaifikirii. Mwaka 2008 wakulima wa bustani nchini Uingereza walishangaa kuona nyanya, viazi na maharage yao yakijikunja majani na kudumaa baada ya kutiwa samadi. Uchunguzi ulifika kwenye aminopiralidi, dawa ya magugu iliyokuwa imepuliziwa kwenye malisho. Ilikaa ndani ya nyasi, nyasi zikavunwa na kukaushwa, mnyama akazila, dawa ikapita tumboni mwake bila kuvunjika, ikatoka na mavi, na ikaendelea kuwa hai ndani ya samadi. Serikali ilisimamisha matumizi yake mwaka huohuo. Kwa mwenye zizi hapa kwetu funzo ni la kiutendaji. Anaponunua marobota ya majani ya boma Rhodes, amuulize muuzaji shamba lilipuliziwa nini. Na kabla ya kumpa jirani mboji yake, apande mbegu chache za maharage kwenye kopo lenye mboji hiyo na nyingine kwenye kopo lenye udongo wa kawaida, asubiri wiki tatu, kisha alinganishe majani. Jaribio hilo halihitaji maabara.

Uhusiano wa zizi la mjini na shamba la mboga si ndoto ya wanamazingira wa leo. Paris ya karne ya 19 ilikula kwa uhusiano huo. Jiji lilikuwa na maelfu kwa maelfu ya farasi wa mikokoteni na mabasi, na wakulima wa mboga waliolizunguka waliyachukua mavi yao mabichi, wakayatandaza kuwa matuta mazito, wakaweka tabaka la udongo juu na kuyafunika kwa vioo. Joto la mavi yanayooza lilipasha mizizi wakati wa baridi kali, na jiji likapata saladi na figili katika miezi ambayo nje kulikuwa na theluji. Chini ya ardhi, katika mashimo ya kale ya mawe, wengine walilima uyoga juu ya samadi hiyohiyo. Magari yalipowaondoa farasi barabarani, bustani zile nazo zilipoteza chakula chake.

Finland imekwenda njia nyingine. Kampuni ya nishati ya Fortum ilianzisha huduma ya kuwapelekea wenye mazizi maranda na kuyachukua yakishachanganyika na mavi, ili yachomwe katika mitambo ya kuzalisha joto na umeme. Mashindano makubwa ya farasi ya Helsinki yaliwahi kupata umeme wake wote kwa njia hiyo. Ni jambo la kuvutia, lakini si la kuigwa kila mahali. Finland ina baridi ndefu, ina mitambo inayopasha nyumba za jiji zima, na ina misitu. Kenya na Tanzania zina udongo uliochoka. Hapa kuchoma samadi ni kuteketeza kitu ambacho shamba la jirani linakililia. Hata gesi ya samadi, inayofanya kazi vizuri kwa kinyesi cha ng'ombe, hupata shida na mavi ya farasi yaliyojaa maranda, kwa kuwa mbao hazimeng'enyeki ndani ya mtambo.

Kilio hicho cha shamba kina bei. Mwaka 2022, bei ya mbolea duniani ilipopanda kwa sababu ya vita vya Ukraine, serikali ya Kenya ililazimika kutoa ruzuku ili mfuko wa kilo 50 uuzwe kwa shilingi 3,500, na mwaka uliofuata ikaushusha hadi 2,500. Fedha za walipa kodi zilitumika kuleta virutubisho kutoka ng'ambo, ilhali mwendo wa saa moja kutoka kwa mkulima wa sukuma wiki yalikuwepo marundo ya samadi ambayo wenyewe waliyaona kero. Hakuna sababu ya kutia chumvi: tani moja ya samadi ya farasi ina kilo tano hivi tu za nitrojeni, na haiwezi kuuondoa mfuko wa dukani kwa siku moja. Inachofanya ni kile ambacho mfuko hauwezi. Inaurudishia udongo uhai, inaufanya ushike maji, na inapunguza makali ya tindikali ambayo mbolea za chumvichumvi zimeyaacha katika mashamba mengi ya nyanda za juu.

Sasa turudi kwa farasi mwenyewe, kwa sababu kinachoingia mdomoni mwake huamua samadi yake itafanya nini. Kwa miongo mingi mazizi yamefuata kawaida ya kumpa kila farasi dawa ya minyoo kwa kalenda, awe na minyoo au hana. Matokeo yake ni minyoo sugu. Aina ndogo za minyoo ya utumbo wa farasi sasa hazisikii baadhi ya dawa za zamani karibu duniani kote. Wataalamu wameonyesha kwamba katika kundi, farasi wachache, yapata mmoja kati ya wanne hivi, ndio wanaotoa sehemu kubwa ya mayai yote. Njia ya busara ni kupeleka mavi kwa daktari wa mifugo, mayai yahesabiwe kwa darubini, na dawa apewe anayeihitaji. Denmark ililifanya jambo hili kuwa sheria mwaka 1999: dawa hizo haziuzwi bila cheti cha daktari.

Mazingira yanahusikaje? Ivermektini, dawa inayotumika sana, hutoka na mavi ikiwa bado ina nguvu, na huua au hudumaza mbawakawa wanaoviringisha mavi. Hao ni wafanyakazi ambao hakuna zizi linalowalipa. Huko Tsavo, katika miaka ya 1970, watafiti walishuhudia mbawakawa wapatao 16,000 wakilivamia fungu la mavi ya tembo lenye kilo moja na nusu. Kwa saa mbili likawa limeliwa, limezikwa na limeviringishwa likaisha. Australia, ambayo mbawakawa wake wa asili walizoea vidonge vikavu vya kangaruu, ilizidiwa na mavi ya ng'ombe walioletwa na Wazungu na mawingu ya nzi yaliyozaliwa humo. Mwanasayansi George Bornemissza, mzaliwa wa Hungaria, aliishawishi nchi hiyo kutafuta msaada nje. Kuanzia mwaka 1968 shirika la utafiti la CSIRO lilianza kuwaachia mbawakawa wa kigeni mashambani, wengi wao wakitoka Afrika, na aina zaidi ya 20 zilistawi. Bara zima liligharimika kuchukua kutoka kwetu wadudu ambao sisi tunao bure nje ya mlango, na ambao tunawaua kwa dawa isiyohitajika.

Mdudu mwingine hatakiwi kabisa, naye ni kisubi. Visubi ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, maradhi ya virusi yanayoweza kuua sehemu kubwa ya farasi wasio na kinga. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuugua, kwa hiyo ukanda wetu hauwezi kuufuta ugonjwa huo kirahisi. Mwaka 2020 ugonjwa huo ulifika Thailand na kuua mamia ya farasi. Visubi hao huzaliana kwenye tope lililochanganyika na mavi: chini ya bomba linalovuja, kando ya birika la maji, kwenye lango ambapo kwato zimeuchimba udongo. Hapo ndipo panapoonekana kwamba usafi wa mazingira na afya ya farasi ni kazi ileile. Anayekausha tope lake anailinda mito na anamlinda mnyama kwa koleo moja.

Tope huanzia juu ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Banda lenye paa la mita za mraba 200, mahali panapopata milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 180,000. Hata moja ya tano ikipotea, lita 144,000 zinabaki. Farasi hunywa lita 30 hadi 40 kwa siku. Farasi 20 wanakunywa lita 700 hivi, na maji ya paa yangewatosha kwa zaidi ya siku 200 kama yangepatiwa matangi ya kutosha. Bila mifereji ya paa, maji hayohayo huanguka uani, huchanganyika na mkojo na mavi, na kuteremka. Hakuna kifaa cha bei nafuu katika zizi lote kinachofanya kazi nyingi kama mfereji wa bati ukingoni mwa paa.

Malisho nayo yana uvumilivu wenye mpaka. Farasi ana meno ya juu na ya chini, hukata nyasi karibu kabisa na udongo, na kwato zake zenye chuma huzichimbua zile alizoziacha. Uwanja ukigawanywa vipande, wanyama wakahamishwa nyasi zinapobakia sentimita nane hivi, na kikatengwa kipande kimoja kigumu cha kuwaweka wakati wa masika, mizizi hubaki na udongo hubaki nao. Nyasi za Kikuyu, zilizotoka nyanda zetu za juu na kuenea hadi Australia, huvumilia kukanyagwa kuliko nyingi. Zina kasoro moja ambayo mwenye farasi hapaswi kuisahau: zina oksalati inayofunga kalisi, na farasi anayezila peke yake kwa muda mrefu huweza kulegea mifupa na kuvimba uso. Aongezewe madini, au achanganyiwe majani mengine.

Pwani kuna mfano wa jamaa wa farasi unaopaswa kuliondoa suala hili katika fikra za matajiri peke yao. Mji wa Lamu, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, umeendeshwa na punda kwa karne nyingi. Vichochoro vyake havina nafasi ya gari. Punda hubeba mawe, mchanga, saruji na maji, na jioni wengi huachiwa wajitafutie. Wanachokipata jalalani mara nyingi ni plastiki. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, lililofungua kliniki ya punda kisiwani humo miaka ya 1980, limeshuhudia wanyama wakifa kwa matumbo yaliyozibwa na takataka hizo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu zinazofika shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne, lakini plastiki haikuishia kwenye mifuko. Hata zizi la kitajiri linayo: kamba za nailoni zinazofunga marobota ya majani. Zikikatwa na kutupwa sakafuni huishia ndani ya mboji, halafu shambani, halafu tumboni mwa ng'ombe wa mtu. Ndoo moja ya kuzikusanyia, iliyotundikwa mlangoni mwa stoo, inalimaliza tatizo hilo.

Lamu pia inaonyesha kwamba lawama haiwezi kumwangukia mwenye mnyama peke yake. Mwenye punda mmoja anayelisha familia kwa kubeba mchanga hawezi kujenga sakafu ya zege. Kaunti ndiyo inayopaswa kutenga eneo la pamoja la kukusanyia samadi na kuziondoa takataka kabla punda hajazifikia. Kwa mwenye farasi wa mashindano hesabu ni nyingine kabisa, na sheria isione haya kuwatofautisha.

Kenya ina pa kuanzia. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Samadi ya farasi ni taka inayooza, tena iliyokwisha kutenganishwa na saisi kwa mikono yake. Kinachokosekana ni mtu wa kuiulizia. Kaunti za Nairobi na Kajiado zingeweza kudai, kila zizi lenye farasi wanane au zaidi linapoomba kibali cha biashara, lionyeshe mambo matatu: sakafu ya samadi yenye paa, umbali wake kutoka kwenye maji, na jina la mkulima au kikundi kinachoichukua mboji. Jockey Club of Kenya, inayosimamia mbio pale Ngong, ingeweza kuyadai hayohayo kwa mazizi ya wakufunzi wanaoleta farasi wao kukimbia. Klabu hiyo ina sauti ambayo afisa wa kaunti hana; farasi asiyeruhusiwa kukimbia ni hasara inayoeleweka mara moja.

Nguvu nyingine iko kwa wateja. Mzazi anayelipa ada ya mafunzo ana haki ya kuzungushwa nyuma ya banda kama anavyozungushwa mbele yake, na shule ya farasi inayojivunia kazi yake haitakataa.

Upande wa mkulima, kinachohitajika ni uhakika. Hataki gari la mavi mabichi linalomwagwa langoni bila taarifa, likiwa na kamba za nailoni na maranda ya manjano. Anataka magunia ya mboji iliyoiva, iliyojaribiwa kwa maharage, inayofika kwa wakati anaouhitaji na kwa bei ya usafiri tu, au zaidi kidogo. Vikundi vya wakulima wa mboga vya Kikuyu, Limuru na Ngong vipo tayari na vina viongozi wake. Makubaliano ya kurasa mbili kati ya kikundi na zizi yanatosha. Rundo linaloanzishwa Novemba juu ya sakafu yenye paa huwa limeiva mwanzoni mwa Machi, wakati mashamba yanatayarishwa kwa mvua za masika, na huo ndio mwezi ambao mkulima huyo yuko dukani akihesabu pesa za mfuko wa kwanza.